Katoni ya Maji Getini

Watu wa nyumbani wakisikia jangwa huniuliza kama tulikosa maji. Hatukukosa. Kila asubuhi gari la kampuni lilitushushia katoni nzima pale getini kwenye saiti ya ujenzi Lusail, Qatar, mimi na binti wa Kiganda niliyelinda naye, na jioni chupa nyingi zilikuwa hazijafunguliwa. Shida haikuwa maji. Shida ilikuwa choo.

Choo cha karibu alikifunga injinia wa saiti, ati walinzi wanakichafua. Kingine kilikuwa mbali, mwendo wa robo saa juani, na ukiacha geti unaandikiwa barua ya onyo. Barua tatu, unapandishwa ndege. Mwandishi wa barua alikuwa supavaiza wetu, Mkenya mwenzangu, na kalamu yake haikuwahi kukauka.

"Mama, wewe unakunywa kama ng'ombe wa mnada," aliniambia mbele ya madereva wa malori. "Sasa geti nimwachie nani, nzi?"

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Tangu siku hiyo nikawa nalowesha mdomo na kutema. Yule binti alipokuja, mgeni, anabugia chupa baada ya chupa, ni mimi niliyemfundisha.

"Lakini nyabo, kiu itaniua," akasema. Ndivyo alivyoniita kwa heshima ya kwao.

"Kiu haiandiki barua," nikamjibu.

Mwezi wa nane akaniambia mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Nikamwambia sote tuko hivyo. Siku ya tatu yake, adhuhuri, akaanguka kando ya katoni, ngozi kavu, inachoma kama sufuria. Nikammwagia chupa zote. Nilipoita kwenye redio, supavaiza aliuliza kwanza, "Geti liko na nani?"

Figo zake hazikupona. Alirudishwa kwao, husafishwa damu kwa mashine. Kwenye ripoti supavaiza aliandika kwamba maji yalikuwepo ya kutosha, na hapo hakudanganya.

Injinia alifunga choo. Supavaiza aliandika barua. Mimi nilifundisha.

Binti hunipigia simu Jumapili. Daktari amempimia maji, vikombe viwili kwa siku, basi, maana mwili hauyatoi tena.

"Nyabo, ulinifundisha mapema," huniambia, na hucheka.