Mlinzi wa Bahari Aomba Kazi Mgodini

Wiki iliyopita, kwenye dirisha la ofisi ya mgodi hapa Geita, mbele yangu alisimama mtu wa kijiji cha Samuye aliyekuja kuomba kazi ya ulinzi.

"Umewahi kulinda nini?" karani akamuuliza.

"Bahari, bwana. Wakati wa vita vya dunia nilikaa pwani miaka mitatu nikivizia meli za adui."

Foleni nzima ikacheka.

"Uliona ngapi?"

"Hata moja."

"Basi hukufanya kazi!"

Yule bwana akavua kofia taratibu. "Na hapa ukiniandika, bwana karani, unataka nione wezi wangapi?"

Karani akajikuna sikio kwa kalamu, kisha akaandika jina lake.

Leo asubuhi mlinzi wa duka letu aliponiambia hakuona mtu usiku kucha, nilimpa shikamoo, ingawa ni mdogo kwangu.