Mfereji wa Mzee Melkizedeki

Ukitaka kumuudhi Faustina, mwambie kazi yake ni kucheza. Atakutazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kisha atasema, "Hebu kaa hapa nikufundishe pembetatu." Hapo umekwisha. Hutoki kabla ya chakula cha mchana.

Ana chumba cha gemu mjini Same, na mapenzi yake kwa picha za pande tatu yalianza mwaka 1999. Kabla ya hapo gemu alizozijua zilikuwa bapa: kijitu kinakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, basi. Siku moja mwaka huo, nyumbani kwa shangazi yake, aliwasha mashine mpya, akamwongoza jamaa wa ndani ya kioo hadi kwenye nyumba, na badala ya kuingia akaizunguka. Kumbe nyumba ilikuwa na nyuma! Weee, alipiga ukelele hadi shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ni kweli jamaa mwenyewe alikuwa na mikono kama matofali, maana picha hizo hujengwa kwa pembetatu, na mashine za wakati ule zilimudu chache tu. Faustina hakujali. Miaka ikaenda, pembetatu zikaongezeka, vidole vikatengana, nywele zikapeperuka, maji yakaanza kung'aa, naye akifuatilia kila hatua hadi akajifunza kuzijenga mwenyewe kwenye kompyuta.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuvutiwa: baba yake, Mzee Melkizedeki wa Ngujini, huko juu Ugweno. Kwake yote hayo yalikuwa "kuchezea luninga". Mzee alisimamia mfereji wa kijiji miaka thelathini, akigawa maji kwa zamu, shamba kwa shamba. Kisha magoti yakagoma. Huu mwaka wa pili hajapanda mferejini, anashinda barazani, na habari za maji hataki hata kuulizwa. Hilo lilimuuma Faustina kuliko maneno ya luninga. Akaamua kumjengea mfereji wake wote ndani ya gemu, aupande akiwa amekaa.

Miezi minane, jamani! Alipiga picha kila jiwe na kila kona, akashuka Same kuvijenga kwenye kompyuta. Jumamosi moja akapanda Ngujini na kompyuta yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na hilo limekuja kufanya nini?"

Akamwekea rimoti ya gemu mkononi. Mzee akasukuma kwa kidole gumba. Akapita migomba, akapinda kona, akachungulia nyuma ya jiwe kubwa. Faustina akadhani ameshampata. Ghafla mzee akafoka:

"Nani kafungulia kwa Joel? Na kwa Linus pia! Mashamba yote yananyweshwa mara moja? Unataka kuniaibisha? Funga!"

"Baba, hapafungiki."

"Mfereji gani haufungiki?"

Hapo Faustina akashika kichwa. Miezi minane anachonga kuvumwani kwenye mawe, binti wa msimamizi wa maji, na hakukumbuka kuweka pa kuzibia! Mama yake, Eliwaza, alicheka hadi akaegemea mlango. Mzee hakucheka. Alimkalisha binti yake akamweleza hadi jioni: nani anaanza, nani anafuata, gogo la mgomba linalazwaje, tope linashindiliwa wapi. Hakuwa ameongea kiasi hicho tangu magoti yalipogoma.

Baada ya wiki mbili Faustina akarudi na mfereji unaofungika. Safari hii mzee alilaza gogo, akashindilia tope. Maji yakapanda, yakasita, yakageukia shamba la chini.

"Haya! Haya sasa!" Akajipiga paja, akacheka kama hajawahi kuugua, akahamishia maji kwa Linus, kisha kwa Joel, akimkaripia Joel ambaye hata hakuwepo.

Saa saba mchana jirani yao, Irene, akabisha hodi. "Mzee, za mchana? Mbona leo barazani hukuonekana?"

"Nilikuwa juu," mzee akajibu, macho hayabanduki kwenye kioo. "Faustina kanipeleka mferejini."

Faustina akakimbilia jikoni, akamkumbatia mama yake, wakalia na kucheka kwa pamoja, na makande yakaungua.