Picha ya Yasiin yenye Sura Mbili

Shamirah hatulii. Majirani zake wa Kyebando wanasema hata chai anainywa akiyumbayumba, na hawamsingizii. Ndiyo kazi yake hiyo. Anatengeneza picha zinazobadilika: ukipita upande huu mtoto analia, ukipita ule anacheka. Kompyuta huzikata picha mbili vipande vyembamba kama nyuzi, ikavipanga kwa zamu. Juu yake hubandikwa plastiki iliyokandamizwa ingali moto kwa rola yenye mifereji, hadi ikajaa vilenzi vidogo vilivyosimama sambamba. Kila kilenzi hulionyesha jicho uzi mmoja tu, kulingana na mahali uliposimama. Balaa ni kubandika. Plastiki ikienda upande kwa unywele mmoja, sura huchanganyikana. Basi Shamirah hufumba jicho moja, akayumba kushoto, akayumba kulia, kutwa nzima.

Nyumbani ndiko hataki kukaa kabisa. Mama yake, Kaltumi, alipata kiharusi wiki ile ile waliyomzika Yasiin, kaka yake Shamirah. Sasa ameegemezwa mito, shingo haigeuki, na kila siku anaomba kuuona uso wa mwanawe. Shamirah akaamua kumtengenezea: Yasiin ametulia, Yasiin anacheka. Aliharibu nyingi, akaitukana plastiki. Ilipokubali, aliitundika ukutani mbele ya kitanda, akayumba, kaka akacheka. Machozi yakamtoka kwa furaha.

"Mama, ona!"

Kaltumi akatazama sana. "Huyu nani? Macho yake mingi, mdomo mbili. Mi sijui huyu mtu."

Shamirah akainama kando ya mto, akaitazama kutoka pale. Siku zote alikuwa ameipima akiyumba. Mama, asiyeweza kusogea, alikuwa katikati kabisa, pale sura moja inapoipisha nyingine, akiziona zote kwa mpigo. Shamirah alitamani kuivunja. Alishafika mlangoni, viatu mkononi.

Akarudi. Akaitungua picha, akapiga magoti kando ya kitanda, akaigeuza taratibu mikononi. Yasiin akatulia. Akaigeuza kidogo tena. Yasiin akacheka, na upande wa mdomo wa Kaltumi usiopooza ukacheka naye.

"Yasiin," mama akasema. "Fanya tena."

Simu ikalia, kazini walikuwa wanamtafuta. Shamirah akaiacha ilie.

"Tena."

Mikono ilishaanza kumuuma. Akaigeuza tena.