Mafuta ya Kihambani kwa Elimringi

Mzee Elimringi wa Masama alikuwa na akili timamu mpaka siku alipoona rangi za upinde wa mvua zikielea kwenye chemchemi ya kihambani kwake, shamba la migomba la urithi. Tangu hapo akawa tajiri wa mafuta, ila utajiri wenyewe ulikuwa haujapata taarifa.

Mama yake alipofariki mwezi wa nane, ukoo ulitaka kumzika migombani, ubavuni mwa mumewe, kama ilivyo desturi. Elimringi akakataa. Kampuni ikija kuchimba, alisema, itamfukua mama. Mrithi wa kihamba ni yeye, basi akashinda. Bibi wa watu akazikwa shamba la chini, tambarare, kwenye jua na vumbi la mahindi. Priska, dada yake Elimringi, hakumsalimia tena kaka yake.

Desemba, watu wa mjini walipopanda mlimani kula Krismasi nyumbani, alikuja Dainess, binti wa jirani, mkemia wa miamba anayefanya kazi ya kutafuta mafuta. Elimringi alimpeleka chemchemini kifua mbele. Dainess akachovya kijiti. Ule utando ukavunjika vipande kama kioo, vikabaki hivyo hivyo.

"Baba, mafuta yangejikusanya tena," alisema. "Hawa ni bakteria wanaokula chuma."

Mzee akajibu kwamba kijiti hakijasoma. Dainess akajaza chupa maji ya kwenda kupima, huku akimweleza taratibu: mafuta huanza na vijimea vya majini vilivyokufa, vikafukiwa na tope, vikazama kilomita kadhaa, vikaiva mamilioni ya miaka kwa moto wa polepole, kama kiburu, ndizi na maharage chunguni. Masama imekalia volkano, na moto wa namna hiyo hauivishi, unaunguza. Hata hivyo, likipatikana tone moja, maabara itasoma kemikali zake na kujua limezaliwa na mwamba gani, kama jina la ukoo linavyomtaja mtu.

Mwezi wa Januari Dainess akapiga simu. Hata tone halikupatikana.

"Pima tena, mwanangu."

"Nimepima mara tatu, baba."

Elimringi akakata jani la isale, lile ambalo Mchagga akiletewa hana budi kusamehe, akampelekea Priska na kuomba mama arudishwe nyumbani. Priska alilipokea.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini mama si mche wa kahawa, umhamishe kila ukibadilisha mawazo. Kamwombe mwenyewe."

Kesho yake Elimringi akashuka tambarare na jani la pili. Alisimama kaburini mpaka jua likamchoma utosi. Jani likanyauka mkononi mwake, maana hapakuwa na wa kulipokea.