Jozi Kumi na Nane za Viatu vya Ghalani

Tarehe 2 Aprili 1997, katika ghala la unga, kwenye mtaa wa mji uitwao Kenya, mama mpiga picha aliamriwa na luteni awapige picha vijana kumi na wanane walioshukiwa kuwasubiri waasi. Nyuso zao zingebandikwa kwenye vizuizi vya barabara ya Kipushi, wakamatwe wakijaribu kutoka mjini. Mama huyo haiangalii kamera akiitayarisha. Huipuliza flashi, huichomeka juu, huinamisha sikio kusikiliza mlio wake wa kujaa umeme, na kusema, “Tungoje iimbe kwanza.” Kidole gumba chake huzungusha gurudumu la kasi hadi sitini na kukoma, kwa kuwa kasi ikizidi hapo pazia la kamera halifunguki lote, na flashi humulika kipande tu cha picha. Siku hiyo kidole kilipita sitini, kikaenda hadi elfu moja. Kisha akaisimamisha kamera wima, ili kipande hicho kiangukie miguuni. “Cheka kidogo, baba,” alimwambia kila kijana, kwa sauti ileile anayoitumia harusini.

Siku ya tatu luteni alifungua bahasha ya picha. Kila picha ilikuwa giza tupu kuanzia magotini kwenda juu. Chini viatu viling’aa.

“Mama, bichwa biko wapi?”

“Shefu, flashi haikuwaka?”

“Iliwaka. Niliona na macho yangu.”

“Basi uko shahidi yangu. Na viatu, angalia, biko bizuri sana.”

Luteni aliamuru picha zirudiwe Jumatano. Jumatano hiyo waasi waliuteka mji. Luteni hakuja, vijana walikuja wenyewe kupigwa picha, na kidole gumba cha mama kikarudi kwenye sitini.