Sauti Isiyofika Mjini

Tangu mumewe azame mtoni, Zulmira Ahuanari ndiye aliyekuwa mdomo wa kijiji chetu cha Santa Elvira, kwenye mto Tigre. Alikalia kiti cha marehemu pale zahanati, mbele ya simu ya upepo, akaiita hospitali ya mjini asubuhi na alasiri. Uchungu wa kuzaa, homa, maiti ya kurudishwa nyumbani, vyote vilipita kooni mwake. Hata wasiompenda walimpelekea samaki.

Hitilafu alizizoea. Radi zikipiga upande wa milimani, sauti za jioni zilitetemeka, kisha zikatulia. Kwa hiyo mdogo wake Orlis alipoletwa kwa kubebwa kutoka shambani, ameumwa na jergoni, nyoka yule wa madoa, Zulmira hakulia. Zahanati haikuwa na dawa ya sumu. Alishika kipaza sauti.

"Hospitali, hospitali, Santa Elvira hapa. Tuleteeni boti ya kasi na dawa ya nyoka. Mnanipata?"

Ulijibu mvumo tu, kama mafuta yanayochemka.

"Wifi, tumpakie kwenye pekepeke tuondoke," alisema Betsabe, mke wa Orlis. Lakini pekepeke ni mtumbwi wenye kiinjini. Mpaka mjini unalala njiani. Boti ya kasi ingefika kabla ya jua kuzama.

"Ngoja kidogo. Alasiri hufunguka. Siku zote hufunguka."

Tukangoja. Tulio, fundi wa injini, alipanda kukagua waya juu ya miti akaukuta mzima. Betri nayo nzima. Mara ikaingia sauti ya mwanamume, karibu kana kwamba yuko mlangoni, akisema Kireno, lugha ya nchi jirani, na kucheka.

"Bwana! Unanisikia? Nina mtu anakufa hapa!"

Yule bwana aliendelea kucheka, kisha akazama katika mvumo.

"Dada Zulmira, hilo sanduku limekufa," alisema Tulio.

"Limekufa vipi na mtu anacheka humo ndani?"

Mguu wa Orlis ulikuwa umevimba kama gogo, ngozi imeanza kuwa nyeusi. Betsabe hakuomba tena. "Mbebeni," alisema, wakambeba hadi kwenye pekepeke.

Zulmira alibaki akiita, siku ile na iliyofuata, mpaka sauti ikamkauka. Hospitali ilipojibu, sauti ilikuwa safi kabisa: "Santa Elvira, habari za huko? Mbona mmekuwa kimya?" Aliweka kipaza sauti mezani, akatoka nje.

Orlis alipona, ila mguu ulikatwa juu ya goti. Aliporudi hakumlaumu dada yake. Betsabe alisema neno moja tu, "Ulisema siku zote," na tangu hapo Zulmira hakula tena katika nyumba yao.

Baadaye alikuja injinia mmoja wa kituo cha pwani kinachochunguza anga, Nayda Callirgos, kufunga chombo chake cha vipimo shuleni. Zulmira alimuuliza. Injinia akamweleza bila haraka kwamba juu sana kuna tabaka la hewa lenye umeme, na sauti ya redio hugonga huko ndipo irudi chini mbali. Mvua kubwa za radi husukuma mawimbi ya hewa mpaka huko, tabaka likayumba. Na jua likitema dhoruba yake, sumaku ya dunia hutikisika, tabaka likavurugika siku nzima au zaidi.

"Siku ya mdogo wako lilikuwa jua, mama."

"Na mnajua kabla?"

"Dhoruba ya jua, mara nyingine. Hayo mawimbi ya radi, bado hayatabiriki vizuri."

"Basi ningefanya nini?"

"Sijui, mama."

Zulmira aliomba kikao, akataka mtu mwingine achukue kiti. Hakuna aliyejitolea, watu wakatawanyika. Akaendelea.

Mvua zilipoanza, mama yake Tulio alishikwa na homa kali. Mvumo ulikuwa umejaa redioni. "Nendeni," Zulmira aliwaambia, "msinisubiri mimi." Wakaondoka na pekepeke, bibi amefunikwa turubai. Hawajapita kona ya mto, hospitali ikaitika: boti iko tayari, mgonjwa yuko wapi?

Alikimbia hadi gatini akapiga kelele. Mvua ilikuwa inanyesha, na kiinjini kile kina ngurumo, hawakugeuka.