Sugu ya Brashi

Leo nimemugeuza mutu kuwa mucha Mungu kwa tone moja la rangi. Mniambie kama kosa ni langu.

Kazi yangu ni kuziba kwa brashi vidoa vya vumbi kwenye picha anazopiga Muzungu, bosi wangu. Basi tajiri mumoja wa hapa Kasongo, ambaye muskitini tunamuona Idi kwa Idi, akanionyesha picha yake, akaniambia: "Fundi, niwekee sugu ya kusujudu hapa ku paji la uso."

Nikaweka. Miaka arobaini ya sala, mara moja!

Bibi yake akaitazama picha. "Eh, masizi iko ku uso wako!" Akalamba kidole, akafuta.

Bwana akawaka: "Fundi, paka tena!"

Papo hapo adhana ikalia. Nikaweka brashi chini, nikamwambia, "Twende tukasali."

"Unaenda wapi? Maliza kwanza sugu yangu!"